Mazoezi, Usingizi na Hali ya Moyo ya Wanafunzi Wetu wa Vyuo



Kamati imetupa nafasi kati ya sala ya jioni na chakula, nasi tunafahamu kwamba harufu ya dal inayotoka jikoni ni mpinzani mkubwa wa msemaji yeyote. Tutajitahidi. Sisi tunaozungumza hapa si madaktari wala wahadhiri. Tu wafanyabiashara, wengi wetu tuliishia sekondari, na maisha yetu yamepita nyuma ya kaunta, kati ya mizani na daftari. Tumeombwa kulisema jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, nyumba zetu nyingi sasa zina mwanafunzi wa chuo kikuu, ama ni mtoto wetu ama ni mpangaji wetu. Pili, kwa muda wa miaka mitatu kundi letu la wazee limekuwa likitembea kila asubuhi katika barabara ya Capri Point kando ya ziwa, na vijana kadhaa wa vyuo wakajiunga nasi, mmoja mmoja. Tuliyoyaona kwao tumeyaweka sambamba na yale yaliyoandikwa na wataalamu, na mahesabu yanakubaliana.

Kila kijana aliyelelewa katika nyumba ya duka ameisikia kauli hii: soma kwanza, michezo baadaye. Mzazi huitoa kwa mapenzi. Hudhani kwamba saa moja ikifutwa katika safu ya michezo, yenyewe itahamia katika safu ya masomo. Daftari la mwili haliandikwi hivyo. Kijana aliyekaa kitini tangu asubuhi, darasani, maktaba, kisha chumbani, hufika usiku kichwa kimechoka na mwili haujatumika. Hulala kitandani asipate usingizi. Huchukua simu. Saa 8 za usiku bado macho yapo wazi, na kesho yake hukaa mbele ya mhadhiri akiwa amehudhuria kwa mwili tu. Ile saa iliyookolewa imelipwa, tena kwa riba.

Tazameni ziwani usiku usio na mbalamwezi. Kutoka Malimbe, walikopanga vyumba wanafunzi wengi wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, huonekana taa za wavuvi wa dagaa, safu ndefu juu ya maji kama mji wa pili. Mvuvi yule anakesha, na mwanafunzi nyuma ya dirisha anakesha. Lakini mvuvi amevuta kamba na kunyanyua nyavu usiku kucha. Akifika ufukweni asubuhi na kuuza mali yake, usingizi haumsumbui kuutafuta. Tena ana likizo yake, maana mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa, naye hupumzika siku kadhaa. Mwanafunzi hana mwezi mpevu. Hatusemi kwamba kazi ya usiku ni njema kwa afya, la hasha. Tunasema kwamba uchovu wa kichwa peke yake ni mbembelezaji dhaifu.

Wataalamu wanaeleza hivi. Katika ubongo, kadiri tunavyokaa macho na kujishughulisha, hujikusanya kemikali iitwayo adenosini, na wingi wake ndio unaotuletea uzito wa usingizi. Mazoezi ya mwili huongeza mkusanyiko huo. Kafeini iliyomo katika kahawa, chai na vinywaji vya kuongeza nguvu haiiondoi adenosini. Huziba tu milango inayopitia, na baada ya saa 5 hivi nusu ya kafeini bado imo mwilini. Kwa hiyo kijana anayekunywa kopo la kinywaji saa 3 usiku ili amalize sura moja ya kitabu amefunga mlango ambao saa 6 atakuwa akiubisha. Chai yetu ya masala nayo ina kafeini, akina mama watusamehe.

Tena usingizi si giza tupu. Hupita katika mizunguko, kila mmoja kama dakika 90. Sehemu ya kwanza ya usiku ina usingizi mzito zaidi, ambamo mwili hujitengeneza. Sehemu ya mwisho ina ndoto nyingi zaidi. Katika mizunguko hiyo ubongo hupanga upya yaliyosomwa mchana, mfano wa karani anayebaki dukani baada ya kufunga ili kuweka mali kwenye rafu zake. Anayelala saa 4 badala ya 7 au 8 amemfukuza karani kabla ya kazi kwisha. Kwa kijana wa miaka 18 hadi 25 wataalamu hupendekeza saa 7 hadi 9. Tukiwauliza vijana waliopo hapa ni wangapi waliopata 7 jana, tunahofia mikono itakayonyooshwa itakuwa ya akina babu.

Sasa tuseme juu ya moyo. Kiswahili cha hospitali kina neno sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, inayomnyima mtu hamu ya chakula, ya watu na ya kesho. Msidhani ni ugonjwa wa nchi za baridi. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi ulioendeshwa chini ya Shirika la Afya Duniani katika vyuo vikuu 19 vya nchi 8, kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wapatao 14,000. Asilimia 35 walionyesha dalili za angalau tatizo moja la afya ya akili katika maisha yao. Ni zaidi ya mmoja kwa kila watatu. Nchi hizo zilikuwa na vyuo tajiri vyenye washauri na viwanja. Hapa kwetu mwanafunzi ana pia kodi ya chumba, ana fedha za mkopo, ambazo vijana huziita bumu, zinazochelewa, na ana wazazi kijijini waliouza ng'ombe kwa ajili yake. Mzigo huo haumruhusu kusema kwamba amechoka.

Je, mazoezi husaidia? Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani walichapisha jaribio la watu 156 wenye sonona. Waliwagawa katika makundi matatu: wa kwanza walifanya mazoezi, wa pili walipewa dawa, wa tatu vyote viwili. Baada ya wiki 16 makundi yote matatu yalikuwa yamepata nafuu inayokaribiana, ijapokuwa waliotumia dawa walianza kuona nafuu mapema zaidi. Watu hao walikuwa na miaka 50 na kuendelea, yaani wa umri wetu na si wa vijana, na mfanyabiashara mwaminifu lazima aseme mali yake imetoka wapi. Lakini majaribio mengi yaliyofuata, yakiwemo ya vijana, yameelekea upande huohuo. Ni afadhali kutegemea majaribio ya namna hiyo kuliko kuwauliza tu wanafunzi nani anacheza na nani analala vizuri, kwa maana aliyelala vizuri ndiye mwenye nguvu za kwenda uwanjani, na hapo huwezi kujua kipi kilimzaa mwenzake.

Kwa kweli vyote huzaana. Aliyekosa usingizi huamka mzito, haendi kutembea. Asipotembea moyo hudidimia. Moyo ukididimia mawazo humjaa kitandani na usingizi hukimbia tena. Ni gurudumu. Faida yake ni kwamba gurudumu linaweza kusukumwa pia upande wa pili, na katika sehemu zake zote, miguu ndiyo iliyo rahisi kuiamuru. Hakuna awezaye kuuamrisha moyo ufurahi au usingizi uje. Lakini mtu anaweza kuamrisha mguu wa kulia utangulie.

Tutawapa mfano mmoja, bila jina wala chuo. Kijana wa mwaka wa pili, mwenyeji wa Sengerema, amepanga chumba kwa mmoja wetu. Taa yake ilikuwa haizimwi hadi saa 10 alfajiri. Aliamka saa 5 mchana, vipindi vya asubuhi vikawa vinapita bila yeye, na mama yake akawa anampigia simu mwenye nyumba kwa sababu mwanawe hapokei. Mwenzetu hakumhutubia. Alimgongea mlango saa 12 na nusu asubuhi, akamwambia, "Mwanangu, mzee wako anaogopa mbwa wa Capri Point, nisindikize." Wiki ya kwanza alikuja mara mbili, amenuna. Wiki ya tatu alikuwa akitusubiri getini. Baada ya mwezi mmoja na nusu taa ilikuwa inazimwa kabla ya saa 6, na mama wa Sengerema akapiga simu kushukuru, akidhani tumempa mwanawe dawa fulani ya Kihindi. Tulimwambia dawa yenyewe ni kilomita 4.

Na ni lazima tuwape mfano wa pili, maana wa kwanza ni mtamu mno. Binti mmoja, mwanafunzi pia, alitembea nasi wiki 5 bila kukosa. Siku zote alitembea kimya, na siku moja tukaona anatembea huku analia. Usingizi haukurudi, chakula alikiacha, na alianza kusema maneno ya kuaga. Akina mama wa kundi letu walimpeleka Bugando siku hiyohiyo, akaonwa na daktari, akapata matibabu. Yupo, anasoma, na miezi kadhaa baadaye alirudi kutembea. Kwa hiyo asitokee mtu hapa akamwambia mgonjwa wa sonona kwamba anachohitaji ni kukimbia tu. Mazoezi huwalinda wengi na huwasaidia wengi, lakini anayezungumza habari za kufa hapelekwi uwanjani, anapelekwa hospitalini, na anasindikizwa.

Kuhusu kiasi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unasema mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi mazito. Mazoezi ya wastani ni yale ambayo unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku 5. Wiki ina saa 168. Tunaomba mbili na nusu, chini ya asilimia 2. Mfanyabiashara anayekataa kuweka akiba ya asilimia 2 ili kulinda mtaji wote, sisi hatungemkopesha.

Wengine wanafanya mazoezi bila kujua. Mwanafunzi anayeishi juu ya mawe ya Igogo au Mabatini na kupanda ngazi zile kila jioni ana uwanja wa bure. Hali kadhalika anayepanda kilima cha Bugando kwa miguu kwenda darasani badala ya kupanda bodaboda. Wazee wetu waliofika Mwanza kwa reli, iliyofika hapa mwaka 1928, na wale waliotangulia kabla ya reli, hawakuwa na neno mazoezi. Walitembea kutoka gulio hadi gulio wakati wa msimu wa pamba, na hatukusikia kwamba walihitaji kubembelezwa walale. Sisi wajukuu wao ndio tuliokaa.

Wala si kweli kwamba michezo na chuo kikuu ni maadui. Suleiman Nyambui alizaliwa mwaka 1953 huko Majita, Mkoa wa Mara, pwani ya ziwa hilihili. Alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas huko El Paso aliposhinda medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Hatuwaombi vijana wetu medali. Tunamtaja kwa sababu mzazi mmoja alituambia kwamba watu wa ziwani ni watu wa mitumbwi, kukimbia ni kwa watu wa Arusha.

Saa gani ni bora? Mji wetu upo karibu na ikweta, kiasi cha nyuzi 2 na nusu kusini, na mwaka mzima jua huchomoza kati ya saa 12 na nusu na saa 1 asubuhi, dakika chache huku au huko. Nuru ya asubuhi ikiingia machoni huirekebisha saa iliyomo ndani ya ubongo, ikauambia mwili usiku wake utaanza lini. Ndiyo sababu anayetembea nje wakati huo anapata dawa mbili kwa bei ya moja. Mapokeo yetu nayo yameipenda saa hiyo, na namaskara ya jua yenye mikao yake 12 ilipangwa kwa ajili yake. Asiye Mhindu anaweza kuifanya kama mazoezi ya viungo tu, hakuna atakayemdai sala.

Lakini asiyeweza asubuhi afanye jioni. Akina mama huwa wanalalamika kwamba wakati wa Navaratri, usiku tisa wa garba na dandiya, watoto hurudi nyumbani wakiwa macho makavu. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba mazoezi ya jioni kwa ujumla hayaharibu usingizi, isipokuwa yale mazito yanayokwisha ikiwa imebaki chini ya saa moja mtu alale. Kwa hiyo tunawatetea vijana nusu nusu: garba si mkosaji, mkosaji ni kuingia kitandani jasho bado halijakauka, pamoja na soda na simu.

Onyo moja la hapa kwetu. Vijana wa Malimbe na Luchelele huogelea ziwani. Kuogelea ni zoezi zuri sana, lakini maji ya kina kifupi penye majani yana konokono wanaobeba vimelea vya kichocho, ugonjwa ambao Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, yenye kituo hapa Mwanza, imeufanyia kazi kwa miaka mingi. Tembeeni kando ya ziwa, msiingie ndani yake.

Sasa tunafika kwenye jambo lililotuleta hasa. Serikali imefanya sehemu yake: Desemba 2016, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi na kutaka Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi kitaifa. Wavulana wana viwanja, wana barabara, wana vikundi vya kukimbia. Wasichana hawana. Kabla ya jua kutoka ni giza, na binti peke yake barabarani gizani si jambo la kuombea. Jioni ana watu wa kumpigia miluzi. Ndiyo maana katika kundi letu, kwa kila wavulana 4 tuna msichana mmoja, na si kwa sababu wasichana wanalala vizuri zaidi.

Ua wa mandir hii una ukuta, una mlinzi, una taa na una nafasi ya kutosha watu 60 kuzunguka. Kati ya alfajiri na saa 2 asubuhi hautumiki ila na njiwa. Tumependekeza kwa kamati ufunguliwe kwa wanafunzi wa vyuo, wasichana kwanza, wa dini zote. Wapo wenzetu waliopinga, nao wana hoja: kelele wakati wa aarti, viatu, na hofu kwamba mahali patakatifu patageuka kiwanja. Tumewasikiliza. Kelele zitadhibitiwa, hapatakuwa na muziki. Viatu vitabaki upande wa ghala. Ama kuhusu utakatifu, tangu hekalu hili lijengwe watu wamelizunguka kwa miguu wakiwa na haja mioyoni mwao. Hatuoni kwamba binti anayezunguka ua ili apate usingizi ana haja ndogo kuliko zetu.

Kamati ilipiga kura juzi usiku, na wengi wamekubali kwa majaribio ya miezi 6. Lango la nyuma, upande wa tangi la maji, litafunguliwa kuanzia Jumatatu saa 12 na robo asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa. Mlinzi ana ufunguo mmoja, na mwingine upo kwa akina mama wawili wa kundi letu ambao watakuwepo kila siku, mvua isipokuwa kubwa. Mwanafunzi aje na kitambulisho cha chuo na chupa ya maji. Wazazi wanaotaka kuja na mabinti zao wanakaribishwa, mradi nao watembee, kwa maana viti tumeviondoa. Saa 1 na nusu kutakuwa na chai ya tangawizi, bila majani ya chai, kwa sababu zilizokwisha elezwa.